Kazi ya Wawili ni ya Nani?

Kuna swali ambalo halisikiki mara nyingi katika nyumba zetu wakati wa amani, bali huzuka kwa kishindo siku baba au mama anapofariki. Swali lenyewe ni hili: mume na mke wakitenda kazi pamoja maisha yao yote, kazi hiyo ni ya nani? Wengi hujibu upesi kwamba ni ya mwenye nyumba, yaani mume, na ya kuwa mke alikuwa msaidizi wake tu. Wengine husema kwamba, kwa kuwa wawili hao wamekuwa mwili mmoja, hakuna haja ya kuuliza. Majibu yote mawili twayaona kuwa na upungufu, na leo twapenda kuyapima taratibu pamoja nanyi, wasomaji wetu.

Tuanze mbali kidogo, huko Uingereza, katika zama za Malkia Victoria. William De Morgan, aliyezaliwa mwaka 1839, alikuwa fundi wa vyombo vya udongo. Vigae vyake vya kupambia kuta, vilivyochorwa ndege, samaki, majani na merikebu, vilifuata mitindo ya kale ya Uturuki na Uajemi. Naye alijitahidi miaka mingi kuirudisha ile rangi ing'aayo kama madini juu ya udongo, ambayo ujuzi wake ulikuwa umepotea kwa mafundi wengi. Mwaka 1887 alimwoa Evelyn Pickering, aliyezaliwa mwaka 1855, mchoraji hodari wa picha za rangi. Evelyn alikuwa amekwisha kushinda vita vyake mwenyewe, maana mama yake hakupenda kumwona binti wa ukoo bora akishinda na brashi mkononi. Jina lake la kwanza lilikuwa Mary, lakini katika kazi alilitumia lile la pili, Evelyn, ambalo siku zile waliitwa wanaume na wanawake pia, ili picha zake zipimwe kwa ubora wake na si kwa kuwa zimetoka kwa mwanamke.

Sasa yaangalieni maisha yao. Kiwanda cha William kilisifiwa na wajuzi, lakini faida hakikuleta. Mara kwa mara fedha za Evelyn, zikiwamo zile alizozipata kwa kuuza picha zake, ziliingia katika tanuri la mumewe. Hatimaye, mwaka 1907, kiwanda kikafungwa. Uzeeni William aligeukia kuandika riwaya, na ile ya kwanza, Joseph Vance, iliyotoka mwaka 1906, ikampatia wasomaji wengi na riziki ambayo udongo haukumpa. Basi tuulize: kigae chenye chapa ya William De Morgan, kilichochomwa kwa fedha za picha za Evelyn, ni kazi ya nani?

William alifariki mwaka 1917, na Evelyn akamfuata mwaka 1919. Watoto hawakuwa nao. Kazi zao zingeweza kutawanyika kama makapi, kama si mdogo wake Evelyn, Bibi Wilhelmina Stirling. Bibi huyo alizikusanya picha na vyombo, akaviweka nyumbani kwake, Old Battersea House, mjini London, akawakaribisha wageni kuvitazama hata alipokuwa mkongwe. Alifariki mwaka 1965, akiwa amekaribia kutimiza miaka 100, na mwaka 1967 ukaundwa wakfu wa kuitunza mali hiyo kwa faida ya watu wote. Tena mwaka 1991 moto uliingia ghalani na kuteketeza picha 16 za Evelyn. Zilizobaki huonyeshwa katika nyumba kadhaa za Uingereza, kama vile Wightwick Manor na Cannon Hall.

Lakini lipo jambo moja dogo ambalo latufundisha mengi. Mwaka 1922 Bibi Stirling alitoa kitabu juu ya maisha ya wawili hao. Jina la kitabu, tukilileta kwa Kiswahili, ni "William De Morgan na Mke Wake". Tazameni: mwandishi ni ndugu wa damu wa Evelyn, tena ni yeye aliyempenda kuliko wengine na kuziokoa picha zake. Hata hivyo, juu ya jalada shemeji yake ana jina, na dada yake hana. Hatusemi hivyo ili kumlaumu marehemu. Twasema ili tuone jinsi desturi inavyoweza kulifuta jina la mtu kwa mkono wa yule yule ampendaye.

Pengine msomaji wetu atasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na mbali na kwetu. La hasha. Twendeni katika milima ya Usambara. Mwaka 1928 alifika Amani, upande wa mashariki wa milima hiyo, Mwingereza Reginald Moreau, kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo. Pamoja naye alikuwapo mkewe, Winifred. Wakisaidiwa na wenyeji walioijua misitu, mume na mke hao walichunguza ndege na viota vyao kwa miaka mingi, na baadhi ya maandishi yao yalitoka yakiwa na majina ya wote wawili. Mwaka 1938 Moreau alipoeleza aina mpya ya ndege wa milima ya Uluguru, kwa Kilatini alimpa jina la winifredae, yaani la Winifred. Hiyo ilikuwa heshima njema. Lakini katika Kiingereza ndege huyo akazoeleka kuitwa kwa jina la "Bibi Moreau", na jina la ukoo wa mume likalifunika tena lile la mke.

Miongoni mwa ndege waliowachunguza ni hondohondo. Wakazi wa misitu ya Usambara wamjua kwa sauti yake na kwa mdomo wake mkubwa. Jike la hondohondo hujifungia ndani ya shimo la mti kwa zaidi ya miezi mitatu, mlango ukizibwa kwa udongo na kuachwa ufa mwembamba tu. Humo hutaga, huatamia na kulea. Dume huenda na kurudi mchana kutwa, akimlisha kwa kupitia ufa ule, na hesabu ya matunda aletayo hufika maelfu. Apitaye chini ya mti humwona dume peke yake, akafikiri kwamba ndiye atendaye kazi yote. Asiyeonekana ndiye aliyelikalia yai.

Hapa tutapingwa, na pingamizi lenyewe si la kudharau. Yasemwa kwamba upendo hauweki hesabu. Kwamba mke mwema hatafuti sifa, wala mume mwema hamdai mwenziwe. Na kwamba nyumba ambamo kila mmoja hupima jasho lake imekwisha kugeuka duka. Twakubali kwamba maneno hayo yana ukweli ndani yake. Mtu aweza kuliacha jina lake kwa hiari, akatenda mema kwa siri, na fadhila yake ikawa kubwa zaidi. Lakini angalieni sana: unyenyekevu ni zawadi ambayo mtu huitoa katika mali yake mwenyewe. Mimi naweza kuliacha jina langu. Siwezi kuliacha jina lako kwa niaba yako. Anayenyamaza juu ya kazi yake mwenyewe ni mnyenyekevu. Anayenyamaza juu ya kazi ya mwenziwe amechukua kisicho chake, hata kama aliyenyang'anywa hakulalamika.

Tena, upendo hauhitaji daftari maadamu wapendanao wote wawili wapo hai, kwa kuwa kila mmoja ni shahidi wa mwenziwe. Mmoja akifa, shahidi amekwenda. Ndipo waingiapo wasiojua kitu, nao huhesabu kwa macho yao. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo hili si la wasanii peke yao. Pandeni kutoka Mombo hadi Soni na Lushoto, mkaendelee mpaka Mlalo, mkayatazame matuta yaliyojengwa juu ya miteremko mikali, na bustani za kabichi, karoti na viazi. Ni nani aliyepanda, akapalilia, akabeba mzigo kichwani hadi barabarani lipitapo lori? Mara nyingi ni mama. Na ni jina la nani liandikwalo penye hesabu ya mauzo? Mara nyingi ni la baba. Siku baba anapozikwa, ndugu huuliza mali ya ndugu yao iko wapi, na mjane aliyelima miaka 30 huonekana kama mgeni katika shamba lake.

Sheria za nchi yetu zimekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaruhusu mahakama, ndoa inapovunjika, kugawanya mali iliyochumwa kwa nguvu za wote wawili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuichuma mali hiyo. Nazo sheria za ardhi za mwaka 1999 zampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na mume na mke waweza kuandikwa pamoja. Lakini sheria huja baada ya ugomvi. Haki iliyo njema ni ile itangulizwayo nyumbani, wakati wote wangali wanakula chungu kimoja.

Jibu letu basi ni hili: kazi ya wawili ni ya wawili, na haiwi ya mmoja kwa sababu ya desturi, wala kwa sababu ya chapa iliyogongwa juu yake. Kutoka hapo yafuata mambo matatu, na hakuna lililo gumu. Kwanza, majina yote mawili yaandikwe katika hati ya shamba na ya nyumba. Pili, baba awaeleze watoto, mama yao akiwa anasikia, ni ipi kazi ya mikono ya mama. Naye mama afanye vivyo hivyo kwa ajili ya baba. Tatu, vitu walivyovitengeneza wazee wetu, mkeka, chungu, kinu au kiti, vitunzwe, na majina ya waliovitengeneza yafundishwe kwa wajukuu. Picha 16 za Evelyn ziliteketea kwa moto, na hakuna awezaye kuzirudisha. Majina tunayoyapoteza majumbani mwetu hayateketezwi na moto. Hupotea kwa sababu hakuna aliyeyataja, na kuyataja twaweza kuanza jioni ya leo.