Maafa, Tawakkul na Bima

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Diani, Gazi, Msambweni na Vanga, katika darasa yetu lilizuka swali ambalo tumeona si haki kulifungia ndani ya msikiti. Mvuvi mmoja, ambaye kusi ilimvunjia mashua, alisema kuwa ameambiwa lau angelikuwa na bima angelilipwa. Akauliza: Je, kukata bima si kumtilia shaka Mwenyezi Mungu? Baadhi yetu walimjibu kwa haraka kwamba ndivyo, na wengine, kwa haraka ile ile, kwamba sivyo. Yeye akaondoka hali hajapata jibu, na mashua hana.

Tuanze kwa kuitazama nchi yetu. Mto Umba watoka katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka, ukaja kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Kwa hivyo mvua yaweza kunyesha huko juu, na mtu wa Vanga ameketi barazani kwake jua linawaka, asijue kwamba maji yako njiani. Mei 2017 mto huo ulifurika, watu wakahama majumba yao. Na upande wa Kinango, katika kaunti hii hii ya Kwale, mvua zilikosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, na mifugo ikafa. Kisha mwisho wa 2023 zikaja mvua za El Niño, zikabomoa njia na nyumba. Nchi ni moja, nayo yalia kiu mwaka huu na gharika mwaka wa pili. Na juu ya hayo, sisi wa mwambao tuna kusi, na tuna moto wa makuti, ambao ukipata upepo hautosheki na nyumba moja.

Basi hayo si mageni kwetu. Ajabu ni kwamba kila yanapotufika twayapokea kama mageni. Twasema "amri ya Mungu", na neno hilo ni la kweli. Kisha twatandika kitambaa mlangoni mwa msikiti, twakusanya kilichopatikana, na aliyepoteza mashua ya kuwalisha watoto wake hupewa unga wa siku tatu.

Ikiwa mtu atasema kwamba kujitayarishia maafa ni upungufu wa tawakkul, twamjibu kuwa Mtume s.a.w. alimwamrisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Nabii Yusuf a.s. hakuwaambia watu wa Misri waingoje njaa kwa subira. Aliwawekea nafaka miaka saba. Na Sayyidna Umar r.a., alipokuwa akienda Sham akasikia kuwa huko kuna tauni, alirudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kuwa wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bondeni, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: popote atakapolisha ngamia wake, amelisha kwa kadari. Mfano huu mfugaji wa Kinango ataufahamu kuliko sisi.

Tena Mtume s.a.w. alituamrisha tuzime taa zetu kabla ya kulala, kwa kuwa moto ni adui yetu. Ni wangapi katika sisi wenye nyumba za makuti tunaoihesabu amri hii kuwa ni katika dini? Tuliwaona wazee wakizungusha ng'ombe mjini ili balaa liondoke, ilhali mitaro ya mji huo imejaa taka hata maji hayana pa kupita. Dua hatuikatai, Mungu apishe mbali. Lakini mtaro nao wataka jembe.

Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka Sumatra, na bahari ikavuka hata huku kwetu. Somalia walikufa mamia ya watu. Kenya alikufa mmoja. Mengi yalisaidia, na moja katika hayo ni kwamba khabari iliitangulia bahari, askari wakawatoa watu ufuoni. Na watu wa Gazi na Makongeni tangu 2013 wana mradi wao wa Mikoko Pamoja, wa kuhifadhi hekta 117 za mikoko, na fedha zake wamezitumia kwa maji na skuli. Mizizi ile huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nyumbani kwa mtu. Mwenye kukata mkoko wa mwisho kwa ajili ya boriti, kisha akaja kuuliza hukumu ya bima, ameanza masala yake mwisho.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe. Wanavyuoni hawakuikataza ya biashara kwa sababu ni matayarisho. Waliikataza kwa sababu ya namna mapatano yake yalivyo: mtu hutoa fedha zinazojulikana kununua jambo lisilojulikana kama litakuwa au halitakuwa, na hiyo ndiyo gharari, yafanana na kamari, na fedha zenyewe aghlabu huwekwa penye riba. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah, Desemba 1985, lilitoa uamuzi kuwa bima ya biashara ya malipo maalumu ni haramu, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana, ambayo kila mmoja hutoa mchango wake kwa hisani, na katika fungu hilo akafidiwa aliyefikwa. Msimamizi hulipwa ujira wake, na kinachobaki ni cha wachangaji, si faida ya mwenye kampuni. Sudan walianzisha kampuni ya namna hii mwaka 1979. Kwetu Kenya ilianza ya takaful mwaka 2011, na Machi 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa kwa ukame: chombo kilichoko angani huyatazama majani ya nchi, na yakipungua kupita kiasi kilichowekwa, malipo hutoka bila ya kwenda kuhesabu mizoga. Jambo hili lina kasoro yake, kwani huenda malisho ya jirani yakawa mazuri na yako yamekauka, ukakosa. Au ukalipwa nawe hukufiwa na hata mbuzi. Twapenda wanavyuoni wetu walitazame, maana fidia ni ya khasara.

Lakini asili ya kusaidiana si ya Sudan wala ya Jeddah. Mtume s.a.w. aliwasifu Ashaari kwamba chakula kinapowapungukia hukusanya walicho nacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja, akasema wao ni katika yeye naye ni katika wao. Nasi twalijua jambo hili: ni mtaa gani wa Msambweni usio na chama cha mazishi? Twachangia sanda kabla mtu hajafa, na hakuna aliyesema kuwa tunamtilia Mungu shaka. Kwa nini basi tusiichangie mashua kabla haijavunjika?

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni. Mauti huja nyumba moja moja, na sanduku la mtaa hutosha. Mafuriko huja mji mzima. Umba ukifurika, mwenye kuchanga na mwenye kuchangiwa wote wako juu ya maji, na sanduku la Vanga halitamfaa mtu wa Vanga. Mwaka wa Ramada, njaa ilipoikumba Hijazi yote, Sayyidna Umar hakuwaambia watu wa Madina wachangiane walichokuwa hawana. Aliwaandikia maliwali wake wa nchi nyingine, akaletewa chakula. Basi sanduku la kijiji lishike mashua moja na nyumba moja, na juu yake pawe na fungu kubwa la kuwaunganisha Vanga na Lamu, Kinango na Wajir, na hata walio mbali zaidi, ili balaa lisitukute sote siku moja.

Na asiyeweza kuchanga? Mujahid, katika tafsiri yake ya wadaiwa wanaostahiki zaka, alimtaja ambaye mafuriko yamechukua mali yake na ambaye nyumba yake imeungua. Haki yake imo katika zaka zetu, si katika vitambaa vya mlangoni.

Limebaki la mweka hazina, na hili ndilo lililomkatisha tamaa mvuvi wetu kuliko gharari. Alisema kuwa aliwahi kuchanga katika chama miaka mitatu, na siku ya kufunguliwa sanduku likakutwa tupu. Hatukuwa na la kumwambia. Tumeafikiana kwamba kabla ya kusi ijayo tutaziandika mashua za Gazi na Msambweni kwa wenyewe, na kwamba sanduku litakuwa na funguo tatu katika mikono mitatu, na hesabu itasomwa hadharani kila mwezi baada ya sala ya Ijumaa. Yeye mwenyewe tumemwomba ashike ufunguo mmoja. Hajatujibu bado.

Wallahu aalam.