Isimamisheni Kabla Haijasimama

Ndugu zangu wenye viwanda, mameneja wa mitambo, wenyeviti wa vyama vya ushirika, nanyi akina mama wenye mashine za kusaga na kukoboa: leo nahubiri, lakini andiko langu haliko kwenye msahafu wala Biblia. Liko Ziwa Tanganyika, na limeandikwa kwa grisi.

Mwaka 1913 iliundwa meli huko Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli kuelekea Kigoma. Huko ikaunganishwa upya, ikaitwa Graf von Goetzen. Julai 1916, vita vikiwa vimewageukia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe, adui asiipate. Sasa tegeni sikio. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Vita vinawaendea vibaya, amri imeshatoka, meli inakwenda chini, na mtu anashika kopo la grisi! Waingereza walipoiibua mwaka 1924, walikuta mitambo yake bado inafaa. Wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, zikaja za dizeli, lakini mwili wa meli ni ule ule. Mwaka 2015, karne moja tangu ishushwe majini, ndiyo iliyowachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Miaka mingi chini ya maji, ndugu zangu! Na wewe? Mtambo wako umekaa juu ya sakafu ya saruji, una bati juu, una taa, una mlinzi. Beringi inalia wiki ya tatu sasa. Opereta anaisikia, msimamizi wa zamu anaisikia, hata muuza chai wa getini anaisikia. Jibu ni moja: itafika mwisho wa mwezi. Haitafika. Na ikifika, itafika na shafti iliyoliwa na mota iliyoungua, na kilichokuwa kazi ya nusu saa kitakuwa kazi ya wiki mbili na kontena kutoka ng'ambo.

Kwa nini tunafanya hivi? Msiniambie hatujui. Tunajua. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, nami nawauliza, katika kiwanda chako, mchukuzi ni nani? Mtambo ukifa ghafla, manunuzi yanakuwa ya dharura, na dharura haina subira ya kulinganisha bei. Hapo ndipo cha juu kinapozaliwa. Kopo la grisi halimpi mtu cha juu. Kichujio cha oili kilichobadilishwa kwa wakati hakijengi nyumba ya mtu Kibaha.

Kuna dhambi nyingine, na hii ni ya watu waaminifu kabisa. Fundi aliyekesha siku mbili kuufufua mtambo uliokufa anapigwa picha, anaitwa jembe, anapewa bahasha. Fundi mwenzake, ambaye mtambo wake haukusimama hata mara moja mwaka mzima, anaulizwa na bodi: huyu hasa anafanya nini, hatuwezi kumpunguza? Tubuni kwa hili! Tumewafundisha vijana wetu kwamba heshima iko kwenye moto, na anayezuia moto hana jina. Mtu mwenye akili akishaliona hilo, ataacha moto uwake kidogo.

Wengine mtanijibu kwamba oda ni nyingi, mashine haina nafasi ya kusimama. Ndugu yangu, itasimama. Ulichoachiwa ni kuchagua siku. Ukiichagua wewe, fundi yupo, spea iko stoo, wateja wameambiwa mapema. Ikichagua yenyewe, itachagua usiku wa Jumamosi, hopa imejaa mahindi ya watu. Waulizeni wa viwanda vya sukari. Muwa ukishakatwa haumngoji fundi. Sukari iliyomo hupungua kila siku unapolala shambani. Ndiyo maana masika, mvua zinapozuia uvunaji, wao hufungua vinu na kuvitengeneza. Hawapotezi msimu. Wanaununua unaofuata.

Lakini msinisikie vibaya, mkaondoka hapa na spana kufungua kila kilichofungwa. Bidii isiyo na maarifa nayo huua mitambo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia C. H. Waddington alichunguza ndege za Uingereza za ulinzi wa pwani, akagundua jambo la aibu: hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50, kisha zikapungua kadiri ndege ilivyoruka. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaharibu! Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United la Marekani walitoa ripoti iliyowashtua mafundi wengi: asilimia 89 ya vifaa walivyovichunguza havikuwa na umri maalumu ambao kuvibadilisha ukifika kungeleta faida. Hata grisi niliyoisifu, ukiijaza kupita kiasi kwenye beringi za mota, inapandisha joto na kuziua.

Basi tufanye nini? Tusikilize kabla ya kufungua. Weka mkono karibu na kifuniko cha beringi (karibu, si juu yake), na kama una kipima joto, andika namba. Pima mtetemo. Chukua oili ya giaboksi kwenye chupa safi uitazame kwenye mwanga: ikimeta vumbi la chuma, meno yanaliwa. Na mwenye kusikiliza wa kwanza ni opereta. Mjapani Seiichi Nakajima, aliyeeneza utunzaji wa mitambo unaomshirikisha kila mfanyakazi, alishikilia kwamba kusafisha ni kukagua. Kijana anayeifuta mashine yake kwa kitambaa ndiye atakayeona nati iliyolegea na ufa mwembamba kama unywele. Mkiajiri mtu wa kufagia na kupiga rangi siku ya ugeni tu, mmeajiri pazia.

Kisha andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2014 shirika la viwango la kimataifa lilitoa ISO 55000, kiwango cha usimamizi wa mali, na kiini chake hakiko mbali na methali hiyo, ila methali ni ya bure. Kila mtambo uwe na ukurasa wake: ulinunuliwa lini na kwa bei gani, umefanya saa ngapi, ulikufa kwa nini, ulifufuliwa kwa shilingi ngapi. Bei ya kununulia ni mahari tu, ndoa haijaanza. Mota ya kilowati 30 ikibeba mzigo wake wote saa 6,000 kwa mwaka, inakula zaidi ya uniti 180,000. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako, uone ni miezi mingapi tu bei ya mota yenyewe inapitwa. Halafu uniambie kwa nini ulifurahia ile ya bei chee iliyosukwa waya mara tatu.

Itazameni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa ibebe mamilioni ya tani kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Sababu ni nyingi, na siasa zimo. Lakini zimo pia injini zilizokosa spea na njia iliyokosa matunzo. Sasa tuna treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Tuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Vyote vingali vipya, na hapo ndipo penye hatari, maana kitu kipya hakilii, na kisicholia hakipewi fungu.

Kwa hiyo, waheshimiwa wabunge, nanyi wajumbe wa bodi, sikieni ombi langu. Fungu la matengenezo liwe la kwanza kuandikwa na la mwisho kuguswa. Atakayesimama kutaka likatwe, alete kwanza orodha ya mitambo atakayoiacha ife, kwa jina na kwa namba, na aitie saini mbele yetu.