Tafakuri ya Siku ya 19: Shomoro wawili na muda wao



Kila Ramadhani ikifika huku mwishoni, kuna swali linarudi: "Sheikh, mimi ni mlinzi wa usiku, sijafika hata juzuu ya kumi. Mwenzangu ameshakhitimu mara mbili. Si nimekula hasara?"

Surat Al-Mulk inatutaka tuwatazame ndege. Haya, tuwatazame. Huko Marekani yuko shomoro mwenye mistari myeupe na myeusi kichwani. Anayeishi pwani ya California ana nafasi: anaanza kutaga karibu mwezi wa Machi, na anaweza kulea vifaranga mara mbili au zaidi kwa msimu. Ndugu yake wa Alaska, kaskazini kabisa, anafika Mei, na kwa kawaida analea mara moja tu. Kiota kikiharibika wakati umeshasonga, hajengi kingine. Kwa nini? Kwa sababu ana kazi nyingine inamngoja: kubadilisha manyoya kabla ya safari ya kusini. Kulea kunakula nguvu, manyoya nayo yanakula nguvu. Urefu wa mchana, alioupanga Mola, ndio unaomwambia sasa acha hili, shika lile.

Je, wa Alaska ni mvivu? Hasha. Kapewa msimu mfupi, na kautumia wote. Basi nawe usijipime kwa msimu wa mwenzako.

Ila usifanye hiyo kuwa ruhusa ya kulala. Mwenye msimu mfupi ndiye asiye na siku ya kupoteza.

Wala usikimbie kumfikia mwenzako. Wataalamu waliwahi kuwafupishia mchana kwezi wa Ulaya, ndege wakabadilisha manyoya haraka haraka. Manyoya yakatoka, lakini dhaifu kuliko ya wenzao. Juzuu tatu kwa usiku mmoja, ulimi unakimbia na moyo umebaki nyuma, ndiyo manyoya hayo. Utaruka nayo mpaka wapi baada ya Idi?

Kesho magharibi tunaingia kumi la mwisho. Leo kabla ya futari jiulize: kwa muda nilionao, niache nini, nishike nini? Ukurasa mmoja kwa utulivu kwenye lindo lako, au kumpigia ndugu mliyegombana. Shika hilo, ulitimize.

Allah atutakabalie sote, mwenye muda mrefu na mwenye mfupi. Amin.