Bei ya Tumaini

Anunuaye maembe sokoni hana taabu kubwa. Huyatazama, huyabonyeza, huyanusa, kisha hutoa fedha yake kwa kitu anachokijua. Lakini yuko mnunuzi mwingine, ambaye hupatana na mwenye shamba matunda yakiwa bado machanga mtini. Huyu hununua pamoja na matunda hayo mvua ambayo haijanyesha na upepo ambao haujavuma. Alipalo ni tumaini, na tumaini halina mizani. Basi bei hiyo ikija kukosea, nani amemdhulumu mwenzake?

Swali hili huulizwa kila mwaka huko Marekani katika mchezo wa mpira wa kikapu. Timu iliyodhoofika ikitaka kujijenga upya, huwaacha wachezaji wake waliozoeleka, hukusanya vijana, na huvumilia kushindwa leo kwa ajili ya kesho. Kijana mmoja akidhaniwa kuwa ndiye nguzo ya nyumba mpya, wakuu wa timu hawana budi kukata bei yake kabla hajakomaa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Stephen Curry, aliyechaguliwa na timu ya Golden State Warriors mwaka 2009. Mwezi wa Machi 2012 timu hiyo ilimtoa Monta Ellis, kipenzi cha watazamaji, ili impate Andrew Bogut, ambaye wakati huo alikuwa majeruhi. Siku chache baadaye watazamaji walimzomea mwenye timu mbele ya umati. Curry naye alikuwa amecheza michezo 26 tu kati ya 66 ya msimu huo, na kifundo cha mguu wake wa kulia kilikwisha kupasuliwa mwaka 2011, kikapasuliwa tena mwaka 2012. Katika hali hiyo ya mashaka, Oktoba 2012, walipatana dola milioni 44 kwa miaka 4.

Matunda yakaiva kupita matarajio. Kabla mkataba ule haujaisha, Curry alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, na timu yake ikatwaa ubingwa mwaka 2015 na 2017. Katika msimu wa 2015-16 timu ilishinda michezo 73 kati ya 82, ushindi ambao haukuwahi kupatikana kabla. Ilhali katika msimu huohuo Curry alikuwa wa tano kwa mshahara miongoni mwa wenzake. Wengi wataona hapo kwamba kijana alipunjwa.

Lakini kabla ya kuhukumu, tutazame upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2007 timu ya Portland Trail Blazers ilimchagua Greg Oden kuwa wa kwanza kati ya vijana wote wa mwaka ule. Goti lake likapasuliwa, akakosa msimu mzima wa kwanza. Kwa muda wote aliokuwa Portland alicheza michezo 82, ambayo ni hesabu ya msimu mmoja, naye alilipwa. Je, aliiibia timu? Hasha! Hakuuza uongo, mwili wake ndio uliomwangusha. Nasi tukikubali kwamba Oden hakuiba, hatuwezi kusema kwamba Curry aliibiwa. Mizani ni moja, haigeuki kwa sababu mzigo umegeuka.

Haki ya mapatano, basi, hupimwa kwa siku yalipofanywa. Tuulize kama mmoja alimficha mwenzake alilolijua, au kama mwenye nguvu alitumia shida ya mnyonge kumshusha bei. Curry alipokubali fedha ile alipata kinga. Kama kifundo chake kingevunjika tena, asingelala njaa. Timu nayo iliubeba mzigo wa kumlipa hata kama asingesimama.

Hata hivyo, wapatanaji hawa wawili si sawa. Timu ina vijana wengi. Huyu akianguka, itamtafuta mwingine. Kijana ana mwili mmoja tu. Kwa hiyo mwenye nguvu ana deni lisiloandikwa katika karatasi: kusema kweli, kumtunza kijana anapougua, na kutotumia ule mkataba wa kale kuwa kisingizio siku ya mapatano mapya. Mwaka 2017 Curry aliandikiwa dola milioni 201 kwa miaka 5. Naye alikuwa amesubiri siku hiyo pasipo kuvunja neno lake. Ahadi ni deni kwa pande zote mbili.

Yabaki neno moja. Mwaka 2019, baada ya kuacha kucheza, Greg Oden alihitimu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, alikoondoka kijana mwaka 2007. Hakuna mkataba wa mpira uliopata kuitia bei subira hiyo. Nawe, msomaji, siku itakuja utakapotiwa bei na waajiri. Pengine itakuwa ndogo, pengine itakuwa kubwa kuliko ustahilivyo. Ipokee kwa macho wazi, uitimize kwa uaminifu. Lakini ukumbuke kwamba walichokikadiria ni kazi ya mikono yako kwa miaka michache. Wewe mwenyewe hukuwamo katika mizani ile.