Bei ya Alpaka na Thamani ya Asiyezaliwa

Alpaka, mnyama mdogo wa jamii ya ngamia anayefugwa kwa ajili ya sufu katika nyanda za juu za Peru na Bolivia, hukadiriwa bei kwa vigezo vinavyojulikana: jike anayezaa huwa ghali kuliko dume aliyehasiwa, wembamba wa sufu, ambao hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya milioni ya mita, hupandisha bei, na nasaba iliyoandikwa daftarini huipandisha zaidi. Swali la kifalsafa huanza pale ambapo vigezo hivyo, hata vikijumlishwa vyote, havifikii bei inayolipwa.

Hali hiyo ilitokea Marekani. Alpaka walianza kuingizwa huko kibiashara mwaka 1984, na mwaka 1998 daftari la nasaba likafungwa kwa wanyama kutoka nje, hivyo Peru, yenye alpaka wengi kuliko nchi yoyote, haikuweza tena kushusha bei kwa wingi wa mifugo yake. Jike mmoja aliweza kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, ingawa alpaka hunyolewa mara moja kwa mwaka na kutoa kilo chache tu za sufu. Mwaka 2007 wanauchumi Tina Saitone na Richard Sexton walidai kwamba mapato ya sufu hayangeweza kuhalalisha bei hizo. Kilicholipiwa ni watoto ambao wangeuzwa kwa wafugaji wapya, ambao nao wangelipa wakitarajia watoto wengine. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 wanunuzi waliadimika, na wapo waliogawa mifugo yao bure.

Je, bei ya awali ilikuwa dhuluma? Wanateolojia wa Salamanca, shule ya fikra iliyostawi Hispania katika karne ya 16, akiwemo Luis de Molina, wangesita kusema hivyo, kwa kuwa walifundisha kwamba bei ya haki haitokani na maumbile ya kitu bali na makadirio ya pamoja ya watu sokoni, alimradi hakuna hila wala ukiritimba. (Sharti hilo la mwisho si dogo, kwani kufunga daftari kunakaribiana mno na ukiritimba.)

Fikihi ya Kiislamu haianzi na kiwango cha bei, kwani kwa mujibu wa hadithi Mtume Muhammad alikataa kuwapangia watu bei, bali huanza na kile kinachouzwa. Hadithi iliyopokewa na Ibn Umar inakataza habal al-habala, ambayo baadhi ya wanazuoni huifasiri kuwa ni kuuza kizazi cha mtoto aliye bado tumboni mwa ngamia, kwa sababu mna gharari ndani yake, yaani shaka kubwa juu ya kuwepo kwa kinachonunuliwa. Jike mwenye mimba huuzwa kihalali, maana mimba humfuata mama, na kwa hiyo mauzo ya alpaka yangepita kisheria. Lakini sehemu kubwa ya bei yake ilikuwa ya wajukuu wasiokuwapo. Hapo hoja ya Salamanca hupungua nguvu, kwa sababu makadirio ya pamoja hupima haja ya watu kwa kitu kilichopo, ilhali hapa yalipima tumaini lao kwamba atakuja mwingine wa kulipa zaidi. Lawama, hata hivyo, ni vigumu kumtwisha muuzaji mmoja, kwa kuwa wauzaji wengi walikuwa wanunuzi wa jana na waliiamini bei hiyo kama wateja wao walivyoiamini.