Mtumishi Anayekataa

Wasifu wa akina mama wa kanisa, ule unaosomwa kabla ya mwili kwenda makaburini, hufanana: alipika kwenye semina, alifagia madhabahu, alitoa. Nimeuandika mara nyingi, maana mimi ni katibu wa wanawake katika kanisa letu la Kibaptisti, na kila nikiweka kalamu chini najiuliza: mama huyu alimtumikia Mungu, au alitutumikia sisi kwa jina la Mungu?

Aliyenifanya nisilipuuze swali hili ni Nannie Helen Burroughs, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Orange, Virginia, mwaka 1879. Alisoma Washington akahitimu vizuri, akaomba kufundisha huko, akanyimwa; mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya weusi wa ngozi yake. Septemba 1900, akiwa na miaka 21, alisimama Richmond mbele ya mkutano mkuu wa Wabaptisti weusi akaeleza jinsi dada zao wanavyozuiwa kusaidia. Hakulalamika kwamba wanawake wanafanyishwa kazi nyingi. Alilalamika kwamba hawaachwi wafanye zaidi. Umoja wa wanawake ukaundwa mwaka huohuo, naye akawa katibu wake hadi 1948, kisha rais wake mpaka alipofariki 1961.

Mwaka 1909 alifungua shule ya wasichana Washington. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wanawake weusi wenyewe, senti kwa senti. Nguzo zake zilikuwa Biblia, bafu na ufagio. Wapo wanaouchukia ufagio huo, wakisema aliwaandaa mabinti kuwa watumishi wa ndani. Siwaungi mkono. Wengi wa mabinti hao wangefagia nyumba za watu hata kama shule isingekuwepo. Yeye alitaka kazi hiyo iwe na ujuzi na heshima, tena akawafundisha uchapaji na kutunza hesabu, na kila mmoja alilazimika kusoma historia ya watu weusi.

Ugomvi ulikuja juu ya umiliki. Viongozi wanaume wa mkutano mkuu walitaka shule iwe chini yao. Burroughs akasema ina bodi yake. Mwaka 1938 mkutano ukaondoa msaada wake, shule ikaendelea, naye akabaki Mbaptisti, katika umoja uleule. Hapo ndipo nilipo na mimi. Tumezoea kuhesabu unyenyekevu kwa idadi ya mara ambazo mama amesema ndiyo. Lakini kama kazi yenyewe ni ya Mungu, mchungaji hawezi kuidai kama deni, na kumkatalia mchungaji si lazima kuwe ni kumkatalia Mungu. Najua hatari yake pia: kila mkaidi atasema ametumwa kutoka juu. Burroughs sikumpima kwa ukali wa maneno. Nilitazama kilichobaki mikononi mwake baada ya kukataa, nikakuta ni shule ya watoto wa wengine.

Siku ya Wanawake katika makanisa ya Wabaptisti weusi nayo ilianza kwa wazo lake, mwanzoni mwa karne ya 20. Alitaka wanawake wajifunze kusimama na kusema hadharani. Baadaye ilibidi awakumbushe watu kwamba shabaha ilikuwa kuinua wanawake, si kuchangisha pesa. Nilicheka niliposoma hilo. Jumapili yetu ya akina mama ina sare za kitenge, kwaya, na bahasha, na bahasha ndizo zinazotangazwa kwa sauti kubwa kuliko mahubiri.

Mwaka huu tumechangia sakafu ya kanisa. Kwenye kikao niliuliza ni mwanamke gani atakayekuwa mmoja wa watia saini benki. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, “Mama, kwani mnamtumikia nani?”

“Mungu, mzee wangu,” nilimjibu. “Ndiyo maana nauliza.”

Ajenda imeahirishwa hadi kikao kijacho.