Agizo la Kutohuisha na Wajibu wa Kusema Kweli

Agizo la kutohuisha ni maandishi ya daktari katika faili la mgonjwa yanayowaelekeza wahudumu wa wodi kwamba, moyo wa mgonjwa huyo ukisimama au pumzi zikikatika, wasijaribu kumrudisha kwa kumkandamiza kifua, kumshtua kwa umeme au kumtia mpira wa kupumulia kooni. Haja ya agizo la namna hii ilikuja baada ya mwaka 1960, wakati William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, walipoeleza jinsi moyo uliosimama unavyoweza kuamshwa kwa mikono miwili juu ya kifua bila kukipasua. Kati ya wagonjwa 20 wa kwanza waliowaeleza, 14 walipona, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao moyo ulisimama ghafla wakiwa katika nusukaputi, si watu waliokwisha kudhoofishwa na maradhi ya miaka mingi. Muda si mrefu njia hiyo ikawa ndiyo desturi kwa kila anayekata roho hospitalini, na kwa hiyo ikapata hali isiyo ya kawaida katika utabibu: tiba nyingine huhitaji agizo ili zitolewe, ilhali hii huhitaji agizo ili isitolewe.

Anayetaka kulipima agizo hili kimaadili hana budi ajue kwanza ni kitendo gani kinachozuiwa. Kifua cha mtu mzima hudidimizwa sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kwa bibi kizee ambaye mifupa yake imekwisha kuwa myepesi mbavu huvunjika chini ya kiganja cha muuguzi, huku jamaa zake wakiwa wametolewa nje ya pazia. Hata katika hospitali zenye vifaa kamili za nchi tajiri, katika kila watu wazima 5 ambao moyo umesimama wakiwa wamelazwa, ni takriban 1 tu anayetoka hospitalini akiwa hai, na kwa mwenye saratani iliyokwisha kusambaa mwilini matumaini hupungua zaidi.

Je, kumnyima mtu tiba hiyo ni kumuua? Papa Pius XII, alipowajibu madaktari wa nusukaputi tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha kwamba mtu analazimika kuutunza uhai wake kwa njia za kawaida, yaani zile zisizomtwika yeye wala wenzake mzigo mkubwa kupita kiasi, na kwamba njia zinazopita hapo anaweza kuziacha bila hatia. Kwa upande wa Uislamu, Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia ilitoa mwaka 1988 fatwa namba 12086, inayoruhusu mgonjwa asihuishwe pale madaktari watatu bingwa na waaminifu wanapokubaliana kwamba kumhuisha hakutamfaa. Mafundisho hayo mawili, yaliyotoka katika misingi tofauti, yanakutana katika jambo moja: kinachomfisha mtu wa namna hiyo ni ugonjwa wake, na mja hakukalifishwa kuurefusha mchakato wa kufa kwa njia isiyoweza kumponya. Hoja ya kwamba kuacha na kutenda ni mamoja ina nguvu pale tu tiba inapoweza kweli kuokoa. Isipoweza, anayeiacha hakuzuia uhai wowote.

Hata hivyo, uhalali wa uamuzi hautoshi, kwa maana uovu mkubwa zaidi katika jambo hili umefanyika katika namna ya kuamua. Mwaka 1984 baraza la wachunguzi wa mahakama mjini New York lilitoa taarifa kuhusu hospitali moja ya Queens ambako wasiotakiwa kuhuishwa walitambulishwa kwa kibandiko kidogo cha rangi ya zambarau kwenye kadi ya wauguzi, kadi ambayo ilitupwa mgonjwa akishafariki, hata isijulikane ni nani aliyeamua wala kwa sababu gani. Mabaya zaidi ni yale yaliyofanywa na yanayofanywa bado katika nchi mbalimbali, ambapo wahudumu hutembea polepole kuelekea kitandani na kukandamiza kifua kijuujuu, ili jamaa waamini kwamba kila kitu kimejaribiwa. Kitendo hicho hakiwezi kutetewa kwa huruma, kwa sababu kinaufanya mwili wa mtu anayekufa kuwa chombo cha kusemea uongo, na kinawanyima wanawe nafasi ya kumuaga, kumsomea Yasini au kumwitia padri, wakati yeye angali anasikia.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Tracey ya mwaka 2014, iliamua kwamba kuandika agizo bila kumshirikisha mgonjwa kunavunja haki yake ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na kwamba kuhofia atasononeka si sababu tosha ya kumficha. Anayeachwa nje ni yule tu ambaye mazungumzo yenyewe yatamdhuru mwilini au akilini. Fatwa ya 1988 ilikuwa na mwelekeo mwingine, kwani haikuifanya rai ya jamaa kuwa msingi wa uamuzi, ikizingatia kwamba wao si wajuzi wa utabibu. Mielekeo hiyo haipingani kama inavyoonekana, maana kumshauri mtu si kumpa mamlaka ya kuamuru tiba isiyofaa, wala ujuzi wa daktari haumpi ruhusa ya kunyamaza. Lakini pale mgonjwa mwenyewe anapoweza kusema, neno lake la kukataa kuhuishwa lina uzito kuliko la mwanawe mkubwa, hata kama ndiye anayelipa gharama.

Linabaki suala la mpaka. Agizo hili linahusu tu moyo uliosimama au pumzi zilizokatika, wala halimwondolei mgonjwa dawa ya maumivu, maji, kugeuzwa ubavu ili asipate vidonda, dawa ya homa ya mapafu wala damu anapoihitaji, na muuguzi anayepunguza kupita kitandani kwake kwa sababu ya karatasi ile amelisoma agizo ambalo halikuandikwa. Vilevile, mgonjwa mwenye agizo hilo anapopelekwa kufanyiwa upasuaji wa kumpunguzia maumivu, daktari wa nusukaputi anapaswa kukaa naye kabla ya siku ya upasuaji, kwa kuwa dawa zake mwenyewe zinaweza kuusimamisha moyo ambao ugonjwa haukuusimamisha, na waandike katika faili kama agizo litasitishwa katika chumba cha upasuaji na litarudi saa ngapi.